Roshani ya Jasvanti

Jengo lenyewe halikuwa kubwa kama watu wanavyolisimulia sasa. Lilikaa kwenye kona ya Mtaa wa Mahiwa, Kariakoo, kuta zake za manjano zimechunika kwa chini kama magoti ya mtoto anayeanza kutambaa. Mlango ulikuwa wa mbao, wa mabawa mawili, na juu yake palikuwa na herufi za Kigujarati ambazo hakuna mtu wa mtaani aliyeweza kuzisoma, lakini kila mtu alijua zimesema nini. Zilisema Jasvanti.

Mzee Ghanshyam, muuza nafaka, alilijenga miaka miwili kabla ya Uhuru na kulipa jina la marehemu mama yake. Alitaka watu wa jumuiya yake wapate mahali pa kuchezea ngoma zao za fimbo, zile za usiku tisa kila mwaka, na mahali pa kulishia wageni wa harusi. Chini alimwaga sakafu ya sementi nyekundu, akaisugua mpaka ikang'aa. Juu, kuanzia usawa wa mlango hadi kama theluthi ya ukumbi, akajenga roshani pana ya mbao ngumu, ili bibi na shangazi wa ukoo wakae huko watazame ngoma bila kusukumwa na vijana.

Serikali ilipochukua majumba ya kupangisha, mwaka sabini na moja, ukumbi ulikwenda pamoja na mengine. Mzee Ghanshyam hakuhama nchi. Aliendelea kuuza nafaka mtaa wa pili, ila kuanzia hapo akienda sokoni alizunguka ili asipite mbele ya mlango ule. Jengo likawa Kituo cha Utamaduni cha kata. Kikaletwa kibao cha bati, kikapigiliwa chini ya zile herufi. Kikaja kikundi cha mdundiko, ngoma ya Wazaramo, likaja darasa la ngumbaro la watu wazima kujifunza kusoma, ikaja kwaya ya vijana waliokuwa wakienda kuimba uwanja wa ndege kila anapokuja mgeni wa taifa. Miaka ya shida unga wa yanga, ule wa njano, uligawiwa pale, na watu walilala mlangoni kushika foleni.

Katika miaka yote hiyo mtunzaji alikuwa mmoja, Bi Mgeni binti Pazi, Mzaramo wa Kisarawe. Aliajiriwa kufagia, akapewa chumba cha nyuma, na kwa kuwa maofisa walikuja na kuondoka, baada ya muda hakuna aliyekumbuka kwamba kazi yake ilikuwa kufagia tu. Watu wa jumuiya ya Ghanshyam walipokuja, miaka mitatu baada ya jengo kuchukuliwa, kuuliza kwa sauti ya chini kama wanaweza kuazimwa ukumbi kwa ngoma zao za usiku tisa, ofisini waliambiwa wasubiri kikao. Bi Mgeni hakusubiri kikao.

"Njooni," aliwaambia. "Ila mkimaliza mfagie."

Walikuja, wakacheza, wakafagia. Ikawa desturi. Wakati wa ngoma hizo za usiku tisa mdundiko ulipumzika, na ulipofika msimu wa kuwacheza wali, wasichana waliovunja ungo, ukumbi ukawa wa akina mama wa Kizaramo, hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Halafu ikaja ruksa, kila mtu afanye biashara. Kila aliyekuwa na ukuta unaotazama barabara aliutoboa akaweka mlango wa chuma, na kilichokuwa sebule kikawa fremu ya duka. Nyumba za vyumba sita zenye ukumbi katikati zilianza kubomolewa. Mwaka ambao televisheni zilianza kuwashwa madukani na watu kusimama barabarani kuzitazama, Kituo cha Utamaduni kilikuwa hakina hata taa mbili zinazowaka. Ofisi ya utamaduni ilikwisha sahau kupeleka mtu. Kilichobaki ni mambo mawili: kikundi cha mdundiko chini, na darasa la jioni juu kwenye roshani. Chini ngoma, juu hesabu.

Zena alikuwa mmoja wa wanafunzi wa juu. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na mtoto wa kike wa miezi minane aitwaye Sabaha. Mumewe alikuwa utingo wa malori yanayopakia bandarini kwenda Zambia, na kurudi kwake kulitegemea mpaka na matairi. Bi Mgeni alikuwa mama mkubwa wake, dada wa mama yake. Zena alikuwa ameishia darasa la saba. Sasa alikuwa akijiandaa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa nje, kwa sababu chuo cha uuguzi hakipokei mtu bila cheti hicho, na uuguzi ndio aliotaka tangu siku alipomtazama mkunga mmoja akimfuta Sabaha uso kwa ncha ya kidole kana kwamba anafuta herufi.

Mwalimu wao alikuwa Mwalimu Mbwambo, Mpare wa Usangi, mtu mwembamba na mpole, mchana akifundisha shule ya msingi na jioni akiwafundisha hawa watu wazima kumi na kitu. Hakuwa na masharti kuhusu watoto. Sabaha alilazwa kwenye benchi, katikati ya mama yake na ukuta, amefunikwa kanga. Ngoma ikipigwa chini alilala. Ikinyamaza ndipo aliamka.

"Huyu anataka mshahara wa wapiga ngoma," Mwalimu Mbwambo alikuwa akisema, halafu anarudi kwenye mlinganyo.

Jumatano moja, darasa likiendelea, alipanda ngazi ya mbao mtu ambaye wote walimjua. Alikuwa Aristides, mfanyabiashara Mchaga kutoka Rombo, mwenye duka la jumla la redio na mashuka upande wa pili wa barabara. Alianzia Mchikichini na belo moja la mitumba. Sasa alikuwa akiagiza kontena. Mtaani walimwita Mangi, kama wanavyowaita Wachaga wenye maduka, na yeye aliitika.

"Hamjambo. Mwalimu, habari za saa hizi?"

"Nzuri, Mangi. Umekuja kujiandikisha?"

"Mimi shule nilishaikimbia, haitanipata tena." Alivua kofia. "Nimekuja na habari, na sikutaka mzisikie kwa watu wa pembeni. Ofisi inayosimamia majengo imenipangisha hapa. Chini nitakata fremu sita. Juu hapa patakuwa stoo. Mna mpaka mwisho wa mwezi."

Chini mtu alikuwa akipasha ngozi ya ngoma moto wa karatasi.

"Na ngoma?" mmoja aliuliza.

"Ngoma inachezwa popote. Hata uwanjani."

"Na kidato cha nne kinachezwa wapi?" Zena aliuliza.

Wengine walicheka kidogo. Aristides hakukasirika. "Mama Sabaha, mimi sikatai elimu. Matilda wangu anasoma, na ada nalipa. Lakini duka la jumla bila stoo ni kibanda. Nikiacha kupachukua mimi, atachukua mwingine, na huyo mwingine hatapanda ngazi kuwaambia."

Akavaa kofia yake, akashuka.

Siku zilizofuata Zena alizunguka kutafuta darasa lingine. Yapo yaliyokuwa mbali, na yaliyokuwa karibu yaliuliza swali moja. Katika shule moja ya jioni mapokezi walimtazama yeye, wakamtazama Sabaha mgongoni, wakasema nafasi ipo ila mtoto aachwe nyumbani.

"Nyumbani kuna nani?" Zena aliuliza.

"Dada, hapa si kliniki."

Alirudi akamweleza Bi Mgeni, ambaye alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Bi Mgeni alisema atakaa na mtoto yeye mwenyewe, jioni zote, Zena akasome huko huko kwenye ile shule ya jioni. Wakakubaliana hivyo. Zena alilala usiku huo ametulia kwa mara ya kwanza tangu Mangi apande ngazi.

Haukupita muda Bi Mgeni akafa. Alikuwa akichota maji bombani asubuhi, presha ikamwangusha, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshaaga dunia. Walimzika Kisutu kesho yake.

Lilikuwepo swali la wapi pa kuweka msiba. Bi Mgeni hakuwa na nyumba nyingine zaidi ya chumba cha nyuma ya ukumbi, na mwezi ulikuwa umekwisha, kitasa cha ukumbi Aristides ameshakibadilisha. Wanawake walifika na majamvi vichwani wakasimama barabarani, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kwenda kumwomba mtu. Aristides alivuka barabara mwenyewe, akafungua mabawa yote mawili, akaupachika ufunguo kwenye kidole na kurudi dukani. Baadaye mkewe, Severa, ambaye watu walimwita Mama Matilda, alileta gunia la mchele na kubaki jikoni kumenya vitunguu. Mtaa uliyaona yote mawili.

Siku ya tatu ilisomwa hitima. Wanawake walikuwa ndani, wameketi kwenye ile sakafu nyekundu miguu imenyooshwa. Wanaume nje, chini ya turubai lililofungwa toka dirishani hadi kwenye nguzo ya umeme. Mlango uliachwa wazi, kwa hiyo walisikilizana. Zena alikuwa kizingitini akipokea sahani, Sabaha amefungwa mgongoni.

Kama ilivyo kwa Wazaramo, watani walikuja. Wazaramo na Wanyamwezi wanataniana tangu enzi za misafara ya kwenda bara na kurudi pwani, na msibani mtani hana haya wala hakasirikiwi. Atalala kaburini asitoke mpaka apewe kitu. Atakunyang'anya sahani mkononi. Anachokishika kinakombolewa, na ahadi anayopewa kabla matanga hayajavunjwa inahesabiwa ni ahadi kwa marehemu, hairudishwi mdomoni. Watoto wa Kizaramo hujua hili kabla ya kujua kuvaa viatu.

Mtani siku hiyo alikuwa Mihayo, Mnyamwezi mpagazi wa sokoni, mtu wa mabega mapana. Alijifunga kanga ya Bi Mgeni, akachukua ufagio wake, akawa anafagia miguu ya wazee waliokaa.

"Ondoa miguu. Ondoa. Mmemaliza kula hamjafagia, mnadhani nimekufa?"

Aliipatia sauti ya Bi Mgeni kabisa. Ndani wanawake walikuwa wakilia na kucheka katika pumzi moja. Mihayo alifika alipokaa Aristides, ambaye alikuja kwenye hitima kama jirani yeyote, sahani ya pilau mbele yake na ule ufunguo mezani kando ya glasi ya maji.

"Na huyu? Huyu ndiye aliyebadilisha kitasa changu?"

"Niache, mzee, mimi si mtani wako," Aristides alisema akicheka. "Mimi Mchaga. Huna mamlaka."

"Mtani wako nani?"

"Mpare," walijibu watu kutoka pande zote, na vidole vikaelekezwa kwa Mwalimu Mbwambo.

Mwalimu Mbwambo hakuwa mtu wa mambo hayo. Lakini Mihayo alikuwa ameshamshika mkono na kumsimamisha, na watu walikuwa wanangoja, na kwao Upareni utani na Wachaga haukuwa jambo geni. Alinyoosha mkono akachukua ufunguo mezani.

"Nimeushika," alisema.

"Mpare, rudisha. Utautia kwenye kibubu, hatutauona tena."

"Bora kibubu. Nyie mkifa inabidi tudondoshe shilingi sikioni, msipoamka ndipo tunachimba kaburi."

"Na nyie mnauza ng'ombe kumi kushinda kesi ya kuku mmoja."

"Kuku ana haki zake."

Wanaume walipiga meza. Mihayo aligonga mpini wa ufagio chini. "Komboa, Mchaga. Komboa, watu wana kazi."

"Anataka nini? Aseme."

Mwalimu Mbwambo hakuwa amefikiria. Aliutazama ufunguo, akautazama mlango. "Nataka ukumbi."

"Wote? Hata wakoloni walianza na pwani tu." Aristides alikuwa na machozi ya kicheko. "Chukua roshani, Mpare. Chukua na popo wake, na benchi zako mbovu, na watoto wenu wanaolia. Kaa huko juu ufundishe mpaka ung'oke meno."

"Umetoa?" Mwalimu aliuliza.

"Nimetoa."

"Mashahidi?" aliuliza Mihayo.

"Tupo," waliitikia nje, na ndani wanawake wakaitikia baada yao, "Tupo."

Ufunguo ukarudi mezani. Shehe akaomba dua ya kufunga, watu wakainua viganja, na kabla ya alasiri majamvi yalikuwa yamekunjwa na matanga yamevunjwa. Aristides alivuka barabara bado anatabasamu. Mwalimu Mbwambo alikwenda kusahihisha madaftari. Zena alisugua masufuria pamoja na wenzake na kila mmoja alikuwa na kipande chake cha kuchekesha cha kurudia. Yeye hakurudia chochote. Alikuwa akilifikiria lile neno, nimetoa.

Jioni ya kesho yake alimfuata Mwalimu Mbwambo nyumbani kwake, akamkuta anaosha soksi kwenye beseni.

"Shikamoo Mwalimu. Jumatatu tunaanza saa ngapi?"

"Marahaba. Tunaanza wapi, Zena? Mwezi umeisha."

"Roshani."

Mwalimu alikamua soksi moja, akaiweka begani. "Ule ulikuwa utani."

"Utani wa msibani, Mwalimu. Mama Mkubwa alikuwa hajavunjiwa matanga."

"Kwenu. Mangi si Mzaramo. Mimi nilichukua ufunguo kwa sababu Mihayo alikuwa anakaribia kunivunja mkono."

"Lakini ulichukua. Na yeye alitoa."

"Nikienda kudai, nitakuwa ndiye yule yule Mpare wa kesi ya kuku."

"Ndiyo, uwe," Zena alisema. "Na twende tukiwa tumeshakaa. Tukiulizwa tumekaa ni darasa. Tukiulizwa tumesimama mlangoni ni ombaomba."

Mwalimu Mbwambo alimtazama kwa muda, kama anavyomtazama mwanafunzi aliyepata jibu kwa njia ambayo hakumfundisha.

Jumatatu walikwenda saba. Wengine waliona aibu, au walikuwa wameshakata tamaa. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya mafundi. Kwenye sakafu nyekundu ilikuwa imepigwa mistari ya chokaa, mahali zitakaposimama kuta za fremu. Mdundiko ulikuwa umeshahamia Buguruni, ngoma zikiwa juu ya mkokoteni. Walivuka ile mistari, wakapanda. Roshani ilikuwa imeanza kujaa maboksi ya redio, na fundi mmoja alikuwa akipigilia mbao za kuiziba kwa mbele. Walisogeza maboksi pembeni, wakarudisha benchi mbili. Zena alimlaza Sabaha mahali pake. Mwalimu aliandika tarehe ubaoni.

Aristides alipanda kabla hawajafika ukurasa wa pili.

"Mwalimu. Hiki nini?"

"Darasa," alisema Mwalimu Mbwambo.

Zena alisimama. "Shikamoo Mangi."

"Marahaba. Mama Sabaha, tulikubaliana mwisho wa mwezi."

"Baadaye ulitoa. Siku ya hitima. Ulisema nimetoa, na watu wakaitikia."

Aristides aligeuka akamtazama Mwalimu, kama mtu anayesubiri wacheke wote. Hakuna aliyecheka. "Jamani, pale tulikuwa tunataniana. Mpare alidai ukumbi wote, mbona huo hamuudai?"

"Huo hukuutoa. Ulitoa roshani."

"Mzigo wangu unashushwa bandarini wiki hii. Niuweke wapi, kichwani?"

"Sijui, Mangi," alisema Zena. Hakujua kweli, na alimwonea huruma, kwa sababu aliona kwamba mtu huyu ana hesabu zake na zimevurugika. "Mzigo wako sijui utakaa wapi. Mimi najua ulichosema tu."

Aristides akajaribu kupatana nao, kama afanyavyo mfanyabiashara. Angewapa magunia mawili ya mchele. Angewanunulia vitabu, kila mmoja seti yake. Angeongea na mtu mwenye nyumba Ilala, labda kuna sebule. Aliposema vitabu, wanafunzi wawili walitazamana.

"Ungesema vitabu siku ile, tungepokea vitabu," Zena alisema.

"Basi." Akamgeukia fundi. "Endelea na kazi."

Fundi, Mzaramo wa Kisarawe wa makamo, alikuwa ameshaacha kugonga. Aliitoa misumari mdomoni mmoja mmoja.

"Mangi, mimi hitima ile nilikuwepo. Nilisema tupo. Siwezi kupigilia hapo."

"Nakulipa."

"Najua unalipa. Chini nitakujengea hata usiku. Hapo tafuta mtu mwingine, na asiwe wa mtaa huu."

Sauti ya mwanamke ilitoka chini. "Baba Matilda."

Severa alikuwa amesimama kwenye mistari ya chokaa, kitambaa cha kufutia kaunta bado begani. Dukani walikuwa wameshapata habari. Kariakoo habari huvuka barabara kabla ya mtu. Aristides akateremka. Walianza kwa kunong'ona, Kichaga, halafu wakaingia Kiswahili kama watu wanaogombana wanavyofanya wanapotaka maneno makali yasiwe ya kwao peke yao.

"Ulipofiwa na mama yako Rombo," Severa alisema, "yule mzee aliyeahidi ng'ombe mbele ya jeneza halafu akarudisha neno, ulimwitaje?"

"Yule alikuwa amelewa mbege."

"Na wewe ulikuwa umekunywa nini?"

Aristides aliinama akatazama mistari ya chokaa.

"Maji," alisema Severa. "Glasi ilikuwa mbele yako. Mimi nilikuwa jikoni na wale wanawake, na mimi nilisema tupo."

"Wewe?"

"Ningesema nini, sipo?"

Juu wanafunzi walikuwa wakitazama madaftari yao. Sabaha aliamka, kwa kuwa kulikuwa na ukimya, akaanza kunung'unika. Zena alimpakata akampa ziwa, akajifunika kanga, macho yakiwa kwenye ngazi. Aliwaza kwamba Mangi akikataa, basi, mtihani utangoja mwaka mwingine, na mwaka mwingine hapatakuwa na Mama Mkubwa wala roshani. Aliwaza hivyo bila kulia.

Aristides alipanda tena. Alikaa juu ya boksi la redio, uzito wake ukalibonyeza kidogo, akainuka akakaa benchi. Alikuwa akikuna kidevu na kuitazama ngazi ya mbao.

"Ngazi hii inatua katikati ya fremu ya tatu," alisema mwishowe. "Wanafunzi kupita kati ya mali za watu kila jioni, hapana. Hilo haliwezekani."

Mwalimu Mbwambo alifunga kitabu.

"Fundi," Aristides alisema. "Huu ukuta wa pembeni, wa uchochoroni. Ukitobolewa mlango hapa juu, unabeba ngazi kwa nje?"

Fundi alikwenda akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, sehemu tatu. "Mawe haya, Mzee Ghanshyam hakubania. Unabeba. Ngazi ya zege."

"Na hii ya ndani tuitoe, na tundu lake tulizibe. Kelele zenu zisije chini, na zetu zisipande."

"Itachukua muda."

"Mpaka hapo wapite hapa hapa. Maboksi yashushwe." Alisema hivyo kama anayemeza dawa. Kisha akamtazama Mwalimu. "Na wewe, Mpare, mdogo wangu ataoa Desemba. Nitakuja na watani wenzangu nikuchukulie viatu, suruali na chaki zako. Usije ukalia."

"Njooni na shilingi yenu," alisema Mwalimu Mbwambo.

Fundi alitoa penseli nyuma ya sikio, na mkanda wake wa kupimia. "Upana wa ngazi? Watu wengi wanataka futi mbili na nusu."

Aristides alimtazama Mwalimu. Mwalimu akamtazama Zena.

Zena alimaliza kumfunga Sabaha mgongoni, akavuta kanga ikakaza, akasogea hadi penye ukuta. Alifikiria jioni, watu wakitoka kazini na sokoni, wengine wakipanda, wengine wakishuka.

"Wapishane wanawake wawili," alisema, "kila mmoja na mtoto mgongoni."

Fundi alivuta mkanda, akapima kuanzia bega lake moja hadi lingine, akaongeza, akaongeza tena, akachungulia dirishani.

"Hiyo itaula uchochoro wote, Mangi."

"Iule," alisema Aristides, akashuka kwenda kutafuta mahali pa kuweka mzigo wake.